Betri na Paneli za Vifaa vya Tahadhari ya Mafuriko Zipimwe kwa Siku za Mawingu

Msimu wa mvua wa mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 uliacha kumbukumbu chungu kwa wakazi wa Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Mto Mkondoa ulifurika, tuta lililokuwa likiukinga mji likabomoka, maelfu ya wananchi wakalazimika kuyahama makazi yao na Reli ya Kati ikaharibiwa na maji.

Maji yanayopita Kilosa hayatokani na mvua ya Kilosa pekee. Mto Mkondoa hupokea maji ya Mto Kinyasungwe, unaokusanya mvua kutoka maeneo ya Dodoma, ambako ni mbali na juu zaidi. Maana yake ni kwamba mji unaweza kuamka na anga jeupe huku maji yakiwa njiani. Kwa anayeishi chini ya mto, taarifa inayotoka juu ya mto ndiyo inayompa muda wa kuhamisha watoto, wazee, mifugo na chakula kabla maji hayajafika mlangoni.

Katika miaka ya karibuni, gharama ya vifaa vya kielektroniki vinavyoweza kutoa taarifa ya aina hiyo imeshuka. Kifaa chenye kihisi cha kupima kina cha maji, kompyuta ndogo ya mikrokontrola na modemu ya simu kinaweza kutengenezwa na wanafunzi wa chuo cha ufundi, kikafungwa kwenye daraja na kutuma ujumbe kwa viongozi wa kijiji na Kamati ya Maafa ya Wilaya. Vijana wengi wabunifu nchini wana ujuzi huo.

Hata hivyo, maeneo mengi ya mito yanayofaa kufungwa vifaa hivyo hayana umeme wa gridi, hivyo kifaa hutegemea paneli ya umeme jua na betri. Hapo ndipo miradi mingi midogo hukwama. Kifaa hufanya kazi vizuri miezi yote ya kiangazi, hupongezwa siku ya maonesho, kisha huzimika katika siku ya tatu au ya nne ya mvua mfululizo, yaani wakati uleule ambao mto unajaa na taarifa yake inahitajika kuliko siku nyingine yoyote.

Hitilafu hiyo mara nyingi haitokani na ubovu wa kihisi wala programu. Hutokana na hesabu ya betri na paneli iliyofanywa kwa kuangalia siku ya kawaida. Makala haya yanaeleza namna ya kufanya hesabu hiyo kwa kuangalia siku ngumu, kwa kutumia mfano wa kifaa kimoja cha kupima kina cha maji kinachotumia betri ya volti 12.

Kipimo kinachofaa kulinganisha betri

Kabla ya hesabu, ni muhimu kuelewa vipimo. Betri huandikwa uwezo wake kwa ampea-saa, yaani mkondo wa umeme ukizidishwa kwa saa ambazo betri inaweza kuutoa. Betri ya ampea-saa 7 inaweza, kwa makadirio, kutoa mkondo wa ampea 0.35 kwa saa 20.

Ampea-saa peke yake haitoshi kulinganisha betri zenye volti tofauti. Benki ya chaji ya simu iliyoandikwa miliampea-saa 10,000 inaonekana kubwa kuliko betri ya pikipiki yenye ampea-saa 7, lakini seli za ndani ya benki hiyo ni za volti 3.7. Ukizidisha ampea-saa 10 kwa volti 3.7 unapata wati-saa 37. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 ina wati-saa 84, ambazo ni zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo, ulinganisho sahihi hufanywa kwa wati-saa: volti zikizidishwa kwa ampea-saa.

Paneli nayo huandikwa kwa wati. Paneli ya wati 10 hutoa wati 10 pale tu inapopata mwanga mkali wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba ikiwa na joto la nyuzi 25 za Selsiasi. Hali hiyo ni ya maabara. Juu ya paa au nguzo, paneli hupata joto kubwa zaidi na mwanga hubadilika kila saa.

Hatua ya kwanza: kujua kifaa kinatumia kiasi gani

Hesabu huanza kwenye matumizi, siyo dukani. Fundi hupaswa kupima kwa multimita mkondo unaotoka kwenye betri katika kila hali ya kifaa: kinapolala, kinapopima na kinapotuma ujumbe. Takwimu zilizoandikwa kwenye karatasi za watengenezaji husaidia kukadiria, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya kipimo halisi, kwa kuwa kila kipande kilichoongezwa, hata taa ndogo ya kuonesha kwamba kifaa kimewashwa, kinakula umeme saa 24.

Kifaa cha mfano huu kimepimwa na kuonesha matumizi yafuatayo kwa siku ya kawaida:

- Kinapolala hutumia miliampea 3 wakati wote. Kwa saa 24 hiyo ni miliampea-saa 72.
- Kila baada ya dakika 10 huamka na kupima kina cha maji kwa sekunde 10, kikitumia miliampea 50. Vipimo 144 kwa siku vinachukua jumla ya saa 0.4, sawa na miliampea-saa 20.
- Kila saa hutuma ujumbe kwa sekunde 60, kikitumia wastani wa miliampea 150. Jumbe 24 nazo zinachukua saa 0.4, sawa na miliampea-saa 60.
- Kidhibiti chaji, yaani kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri ili betri isijazwe kupita kiasi, nacho hutumia miliampea 6 wakati wote. Kwa saa 24 hiyo ni miliampea-saa 144.

Jumla ni miliampea-saa 296, ambazo zinaweza kuhesabiwa kuwa ampea-saa 0.3 kwa siku. Kwa volti 12, hizo ni takriban wati-saa 3.6.

Orodha hiyo ina funzo. Modemu, ambayo wengi hudhani ndiyo inayomaliza betri, inachukua sehemu ya tano tu ya umeme wote. Mlaji mkubwa kuliko wote ni kidhibiti chaji, kifaa ambacho wabunifu wengi husahau kabisa kukiweka katika hesabu kwa sababu kimenunuliwa ili kulinda betri. Kidhibiti kinachotumia miliampea 1 badala ya 6 kingepunguza matumizi ya siku hadi miliampea-saa 176. Kabla ya kununua paneli kubwa zaidi, ni vyema kuangalia kwanza mahali ambapo umeme unapotea bila kazi.

Siku ya hatari kifaa hufanya kazi zaidi

Hesabu hiyo ni ya siku ya kawaida. Kifaa cha tahadhari hakikujengwa kwa ajili ya siku ya kawaida.

Maji yanapovuka kina kilichowekwa kuwa cha hatari, kutuma ujumbe mmoja kwa saa hakutoshi. Kamati ya Maafa inahitaji kujua kama maji yanapanda au yanashuka, na kwa kasi gani. Kwa hiyo programu huagizwa kutuma ujumbe kila baada ya dakika 10. Jumbe 24 zinakuwa 144, muda wa kutuma unafika saa 2.4 na matumizi ya modemu yanapanda kutoka miliampea-saa 60 hadi 360. Ukijumlisha na matumizi mengine, kifaa sasa kinahitaji miliampea-saa 596 kwa siku, sawa na ampea-saa 0.6 au takriban wati-saa 7.2.

Matumizi yameongezeka mara mbili, na yameongezeka katika siku ambayo anga limefunikwa na wingu zito na paneli haipati mwanga wa kutosha. Matumizi na mapato yanakwenda kinyume. Huu ndio msingi wa mada yote: betri na paneli za kifaa cha tahadhari zinapaswa kuhesabiwa kwa kutumia matumizi ya siku ya mafuriko na mwanga wa siku ya mvua, vyote kwa pamoja.

Kupata ukubwa wa betri

Swali la kwanza ni siku ngapi kifaa kinapaswa kuishi bila kupata chaji yoyote. Kwa kifaa cha mapambo ya bustani, siku moja au mbili zinatosha. Kwa kifaa kinachotegemewa na watu walio bondeni, siku tano ni kiwango cha busara, kwani akiba hiyo inalinda dhidi ya mawingu na pia dhidi ya paneli kufunikwa na matope, kuangukiwa na tawi au waya wake kukatika wakati ambao barabara haipitiki na fundi hawezi kufika.

Matumizi ya siku ya mafuriko ya ampea-saa 0.6 yakizidishwa kwa siku tano yanatoa ampea-saa 3.0. Hata hivyo, betri ya ampea-saa 3 haifai kwa sababu mbili.

Kwanza, betri ya risasi na asidi, aina inayopatikana kwa urahisi katika maduka mengi nchini, huharibika mapema inapomalizwa chaji mara kwa mara. Kanuni inayotumika ni kutotumia zaidi ya nusu ya uwezo wake. Hivyo ampea-saa 3.0 zinahitaji betri ya ampea-saa 6.

Pili, betri huzeeka. Betri ya aina hiyo huhesabiwa kuwa imefikia mwisho wa maisha yake inapobaki na asilimia 80 ya uwezo wa awali. Kwa kuwa mafuriko hayachagui mwaka wa kwanza wa betri, hesabu ifanywe kwa betri iliyochoka. Ampea-saa 6 zikigawanywa kwa 0.8 zinatoa ampea-saa 7.5.

Betri ya ampea-saa 7, ambayo ni maarufu sana sokoni, inakaribia lakini haifiki. Chaguo sahihi ni ukubwa unaofuata, yaani ampea-saa 9.

Betri za lithiamu za aina ya fosfeti ya chuma zinaweza kutumiwa hadi asilimia 80 ya uwezo wake bila madhara makubwa, hivyo hesabu hiyohiyo ingehitaji betri ya takriban ampea-saa 5. Bei yake ya kununulia huwa juu zaidi, lakini huchajiwa na kutumika mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka. Jambo la kuzingatia ni kwamba zinahitaji kidhibiti chaji kinachofaa aina hiyo. Kidhibiti kilichopangwa kwa betri ya asidi peke yake hakifai.

Tahadhari pia inahitajika kwa seli ndogo za duara za lithiamu zinazofanana na betri ya tochi, zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Zipo zinazouzwa zikiwa zimeandikwa miliampea-saa 9,900, wakati uwezo halisi wa seli bora za ukubwa huo ni takriban miliampea-saa 3,500. Hesabu nzuri iliyojengwa juu ya maandishi ya uongo haina thamani. Betri ya namna hiyo ipimwe kabla ya kuaminiwa.

Kupata ukubwa wa paneli

Tanzania ina neema ya jua. Kwa wastani, mionzi inayofika ardhini ni kati ya kilowati-saa 4 na 7 kwa kila mita ya mraba kwa siku, kutegemea eneo na msimu. Kwa lugha ya mafundi, hizo ni saa 4 hadi 7 za jua kamili kwa siku. Ikumbukwe kuwa mchana una takriban saa 12, lakini mwanga wa asubuhi na jioni ni hafifu. Saa za jua kamili ni njia ya kuukusanya mwanga wote wa siku kana kwamba jua lilikuwa la adhuhuri kwa saa chache na kisha likazimika.

Takwimu za kila mwezi kwa eneo lolote zinaweza kupatikana bila malipo kupitia hifadhidata za kimataifa, zikiwemo Global Solar Atlas ya Benki ya Dunia na NASA POWER, na kulinganishwa na taarifa za msimu zinazotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Mbunifu anapaswa kuchukua mwezi wenye jua dogo kuliko yote, siyo wastani wa mwaka. Ndani ya mwezi huo pia zipo siku ambazo mwanga wa siku nzima haulingani na zaidi ya saa moja au moja na nusu ya jua kamili. Katika mfano huu, siku ya kawaida ya msimu wa mvua inahesabiwa kuwa na saa 4, na siku ya wingu zito saa 1.5.

Kisha kuna upotevu. Paneli ya kawaida ya mfumo wa volti 12 hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa karibu na volti 18, lakini kidhibiti chaji cha bei nafuu huilazimisha kushuka hadi volti ya betri, na hivyo asilimia 28 hivi ya uwezo hupotea. Joto la paneli linaweza kuondoa asilimia 10, vumbi asilimia 10 nyingine, na betri yenyewe hairudishi umeme wote iliopokea. Takriban asilimia 15 hupotea. Ukizidisha 0.72 kwa 0.9, kwa 0.9 na kwa 0.85, unabaki na takriban 0.5. Kwa maneno mengine, nusu tu ya wati zilizoandikwa nyuma ya paneli ndiyo inayofika kwenye kazi.

Hivyo, ili kupata wati-saa 7.2 za siku ya mafuriko, paneli inapaswa kuzalisha wati-saa 14.4 za maandishi. Katika siku yenye saa 1.5 tu za jua kamili, hiyo ni paneli ya wati 9.6. Paneli ya wati 10 inatosha kubeba matumizi ya siku hiyo mbaya bila kugusa sana akiba ya betri.

Lipo sharti la pili ambalo husahaulika: betri iliyotumika lazima ijazwe upya kabla ya wimbi jingine la mvua. Tuseme kifaa kimemaliza akiba yake ya ampea-saa 3.0, sawa na wati-saa 36, kisha anga likafunguka na matumizi yakarudi wati-saa 3.6 kwa siku. Kwa saa 4 za jua kamili, paneli ya wati 5 huleta wati-saa 10 na kubakiza 6.4 za kujaza betri. Itahitaji karibu siku sita. Paneli ya wati 10 itahitaji siku mbili na ushee. Paneli ya wati 20 itaijaza kwa siku moja.

Kwa kuwa mvua kubwa hazingoji wiki nzima kati ya moja na nyingine, paneli ya wati 10 ndiyo ya chini inayokubalika kwa mfano huu, na ya wati 20 ndiyo salama zaidi. Mkondo wa paneli ya wati 20 ni kama ampea 1.1, ambao hauzidishi kiwango cha kuchaji betri ya ampea-saa 9.

Hesabu ya haraka inavyodanganya

Umuhimu wa hatua hizo unaonekana zaidi zikilinganishwa na hesabu ya haraka. Mbunifu aliyesahau kidhibiti chaji na kuangalia siku ya kawaida tu ataona kifaa kinatumia miliampea-saa 152. Ataweka siku tatu za akiba na kupata ampea-saa 0.46, kisha atanunua betri ya ampea-saa 1.3 akiamini amejiwekea akiba ya karibu mara tatu. Kwa wastani wa mwaka wa saa 5.5 za jua, paneli ya wati 3 itamwonesha wati-saa 16.5 dhidi ya matumizi yasiyofika wati-saa 2. Kwa macho yake, ziada ni mara tisa.

Siku ya mafuriko, paneli hiyohiyo katika saa 1.5 za jua na upotevu wa nusu itatoa wati-saa 2.25. Kifaa kitahitaji 7.2. Pengo la wati-saa 4.95 litachotwa kwenye betri, sawa na ampea-saa 0.41 kila siku. Betri ya ampea-saa 1.3, hata ikiwa mpya na imejaa, itakuwa tupu katika siku ya nne. Kifaa kilichoonekana kuwa na ziada ya mara tisa kitanyamaza wakati mto bado unapanda.

Kunyamaza huko kuna hatari nyingine. Wananchi waliozoea kupokea tahadhari wanaweza kutafsiri ukimya kuwa ni usalama. Kifaa kisichofanya kazi ni kibaya kuliko kutokuwapo kwa kifaa, kwa sababu pasipo kifaa watu huendelea kwenda mtoni kuangalia kwa macho yao.

Ufungaji unaolinda hesabu

Hesabu sahihi inaweza kuharibiwa na ufungaji mbaya. Kwa kuwa Tanzania yote ipo kusini mwa ikweta, paneli huelekezwa kaskazini. Mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha, na lengo lake kubwa ni kuwezesha mvua kuosha vumbi na maji yasituame. Mwinamo mkali zaidi hauna faida, kwa kuwa kati ya Novemba na Januari jua la adhuhuri hupita upande wa kusini, na katika siku za mawingu mwanga hutoka pande zote za anga.

Kivuli kiepukwe kabisa. Seli za paneli zimeunganishwa kwa mfululizo, hivyo kivuli cha tawi moja au cha nguzo kinachofunika seli chache kinaweza kupunguza umeme wa paneli nzima kwa kiwango kikubwa kuliko eneo lililofunikwa. Miti ya kando ya mto huota haraka wakati wa mvua. Pasipokuwa na kivuli mwezi Septemba panaweza kuwa na kivuli mwezi Februari.

Betri nayo ilindwe dhidi ya joto. Kwa betri ya risasi na asidi, kila ongezeko la takriban nyuzi 10 za Selsiasi juu ya nyuzi 25 hupunguza maisha yake kwa karibu nusu. Sanduku lake lipakwe rangi nyeupe, lifungwe chini ya paneli ili lipate kivuli chake na liwe na matundu madogo ya hewa yenye wavu wa kuzuia wadudu. Sanduku liwekwe juu ya alama ya maji ya mafuriko makubwa yanayokumbukwa na wazee wa eneo husika.

Fyuzi ya ampea 3 ifungwe karibu na nguzo chanya ya betri. Wakati wa kuunganisha, betri itangulie kwenye kidhibiti chaji na paneli ifuate. Wakati wa kufungua, paneli itangulie kutolewa. Modemu za simu za kizazi cha pili huweza kuvuta hadi ampea 2 kwa mapigo mafupi wakati wa kutuma, hivyo waya mwembamba au kapasita ndogo inaweza kuifanya modemu ijizime hata betri ikiwa imejaa.

Majaribio na matunzo

Kabla ya kifaa kupelekwa mtoni, kijaribiwe kwa kufunikwa paneli yake na kuachwa kitume ujumbe kila dakika 10 kwa siku tano mfululizo. Jaribio hilo ni rahisi na halihitaji maabara. Kifaa kikivuka siku hizo na betri yake, baada ya kupumzishwa, ikasoma si chini ya takriban volti 12.1, hesabu imethibitika. Kikizimika siku ya tatu, ni heri kimezimikia mezani.

Aidha, kila ujumbe kuhusu kina cha maji ubebe pia volti ya betri. Nyongeza hiyo ya tarakimu chache haina gharama, lakini humwezesha msimamizi kuona betri inavyoshuka wiki kadhaa kabla ya kushindwa. Vilevile, mfumo wa kupokea taarifa upangwe ili kifaa kisipotuma ujumbe kwa saa mbili, ukimya huo wenyewe utoe tahadhari kwa msimamizi.

Paneli ifutwe kwa maji na kitambaa laini kabla ya msimu wa mvua kuanza, matawi yakatwe na betri ipimwe. Betri iliyochoka ipelekwe kwa wakusanyaji wanaotambulika, kwani risasi na asidi ni taka hatarishi zinazosimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kuitupa kando ya mto ni kuwadhuru watu walewale ambao kifaa kilikusudiwa kuwalinda.

Wabunifu wanaokusudia kufunga vifaa katika mito wanapaswa kushirikiana mapema na Bodi ya Maji ya Bonde husika, halmashauri na serikali ya kijiji. Ushirikiano huo husaidia kuchagua mahali sahihi, kuoanisha vipimo na vya vituo vilivyopo na kupata walinzi wa kifaa, kwa kuwa paneli na betri ni mali inayoibika. Kijiji kinachojua kwamba betri ile ndiyo itakayowaamsha usiku wa mafuriko kina sababu ya kuilinda.

Tofauti ya gharama kati ya betri ya ampea-saa 1.3 na ya ampea-saa 9, au kati ya paneli ya wati 3 na ya wati 20, ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya mradi mzima, na haiwezi kulinganishwa na thamani ya saa chache ambazo familia inazihitaji ili kupanda mahali pa juu. Kwa hiyo, kila anayebuni, anayefadhili au anayepokea kifaa cha tahadhari hana budi kuuliza swali moja kabla ya kukizindua: mvua ikinyesha siku tano bila jua kuonekana, siku ya tano kifaa hiki kitakuwa bado kinatuma taarifa?